Modeli ya kisima kwenye graniti yenye nyufa: mshuko wa maji hauendani na jaribio la pampu

Mwamba_Kati

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaotumia MODFLOW 6 (programu ya kuiga mtiririko wa maji ya ardhini) kwenye mwamba mgumu.

Eneo ni mkoa wa Dodoma, nje ya bonde la Makutupora ila graniti ni ya aina ileile. Kisima kina mita 110, kesingi ya inchi 6. Rekodi ya mchimbaji inasema: udongo na mfinyanzi wenye mchanga mita 0 hadi 8, mwamba uliooza 8 hadi 34, mwamba wenye nyufa 34 hadi 58, kuanzia hapo mwamba mzima mpaka chini isipokuwa ufa mmoja mita 71. Maji mengi yalipigwa mita 38. Yakitulia yanasimama mita 14.

Pampu iliendeshwa saa 24 kwa mita za ujazo 6 kwa saa. Maji yalishuka kwa kasi dakika za mwanzo, yakalegea, halafu kuanzia dakika ya 60 hadi 600 hivi yakafuata mstari ulionyooka kwenye karatasi ya logi: mita 4 kwa kila muda unapozidi mara kumi. Kufika dakika ya 800 mstari ukainama zaidi, kama mita 8 kwa mara kumi. Mwisho wa saa 24 mshuko ulikuwa mita 26.6. Kisima cha uangalizi kilichoko mita 62 kilishuka mita 2.6.

Kwa njia ya Cooper na Jacob nimepata T (uwezo wa tabaka zima kupitisha maji) ya mita za mraba 6.6 kwa siku. Modeli ina tabaka moja la mita 24, K (uwezo wa mwamba kupitisha maji, yaani T kwa unene) ya mita 0.275 kwa siku, S (kipimo cha maji ambayo tabaka linaachilia) ya 0.001, seli za mita 50 kwa 50, pampu nimeiweka kwa pakeji ya WEL, inayotoa maji kwenye seli moja kwa moja. Kisima cha uangalizi kinakaa vizuri, lakini kisima chenyewe modeli inakipa mshuko wa mita 8.5 tu. Nikipunguza K mpaka kikae sawa, cha uangalizi kinaharibika.

Maswali mawili. Je, umbo hilo la haraka, kulegea, haraka tena ndilo la porositi mbili, yaani nyufa na mwamba wenyewe? Na je, nihamie modeli ya kuchora ufa mmoja mmoja?

---

Kinamaji

Mkuu, kabla hujagusa nyufa angalia gridi yako. Mita 8.5 hiyo si mshuko wa kisima, ni mshuko wa seli. Kwenye seli ya mraba, kiwango ambacho modeli inakuandikia ni sawa na kile cha umbali wa takriban 0.2 ya upana wa seli kutoka kisimani. Kwa seli ya mita 50 hiyo ni mita 10.4. Kisima chako kina nusu kipenyo cha mita 0.076. Kutoka mita 10.4 kuingia mpaka ukutani mwa kisima ndiko maji yanakoshuka vibaya zaidi, na modeli yako haioni chochote cha hapo.

Hesabu yake ni ya Thiem: Q ugawanye kwa 2πT, zidisha kwa logi asilia ya 10.4 kwa 0.076. Q yako ni 144 kwa siku, T 6.6, kwa hiyo 3.47 mara 4.92, sawa na mita 17.1. Jumlisha na 8.5 upate 25.6. Umepima 26.6. Tofauti iliyobaki ni mita moja, na hiyo imetoka kwenye ule mstari ulioinama baada ya dakika ya 800. Kwa maneno mengine T yako na S yako ziko sawa, usiziguse.

Toa WEL, weka pakeji ya MAW, inayohesabu kisima chenyewe ndani ya seli. Andika RADIUS 0.076 na uchague mlinganyo wa THIEM. Pakeji itatoa kiwango cha ndani ya kisima peke yake, pamoja na maji yaliyomo ndani ya bomba. Kama kisima hakikusafishwa vizuri kwa kompresa na matope yameziba nyufa, tumia SKIN badala ya THIEM, ila usianzie hapo, kwa sababu SKIN inaweza kuficha kosa lolote. Ukipenda njia nyingine, tumia gridi ya DISV (yenye seli za ukubwa tofauti) na upunguze seli taratibu hadi mita 1 kuzunguka kisima. Hatua za muda nazo: siku moja yenye hatua 40 na kizidishi cha 1.3 inakupa hatua ya kwanza chini ya sekunde moja, inatosha kabisa. Anayeigawa siku katika hatua 24 zilizo sawa anapoteza saa nzima ya kwanza ya jaribio.

Jambo moja dogo ambalo huwaumiza wengi: ukibaki na WEL pamoja na NEWTON (njia ya kutatua seli zinazokaribia kukauka), na umewasha AUTO_FLOW_REDUCE, seli ikikaribia kukauka modeli inapunguza pampu kimyakimya. Unaona mshuko mzuri, kumbe kisima kinatoa mita 3 kwa saa badala ya 6. Fungua jedwali la bajeti ya maji uhakikishe kilichotoka ndicho ulichoagiza.

---

Bi_Graniti

Naunga mkono hayo ya gridi. Sasa kuhusu umbo la mstari.

Sehemu ya mwanzo ni maji ya bomba. Kesingi ya inchi 6 ina lita 18 kwa kila mita, na pampu yako inavuta lita 100 kwa dakika. Dakika za kwanza unanyonya bomba, si mwamba. Kanuni ya Papadopulos na Cooper ni kwamba athari hiyo inaisha baada ya muda wa 25 mara nusu kipenyo mraba ugawanye kwa T. Kwako ni 25 × 0.00578 ÷ 6.6, siku 0.022, kama dakika 31. Kwa hiyo chochote ulichokiona kabla ya nusu saa kisipewe jina la kijiolojia. Kutoka mteremko mkali wa bomba kuingia kwenye mstari wa mwamba lazima kuonekane kama kulegea.

Porositi mbili yenyewe ni wazo zuri. Barenblatt na wenzake walilileta mwaka 1960, Warren na Root wakaliandika upya mwaka 1963 kwa ajili ya visima vya mafuta. Nyufa zinapitisha, mwamba katikati ya nyufa unahifadhi, na mwamba unazilisha nyufa polepole. Lakini mafuta yale yako kwenye chokaa na mchanga uliogandamana, miamba ambayo yenyewe ina vitundu. Graniti nzima haina. Chukua K ya graniti isiyo na ufa ya 10⁻¹² m kwa sekunde na Ss (S kwa kila mita ya unene) ya 10⁻⁶ kwa mita: uenezi wa shinikizo unakuwa 10⁻⁶ m² kwa sekunde. Kwa saa 24 shinikizo linaingia ndani ya mwamba sentimita 30 tu. Hata maji yashuke mita 10 ndani ya ufa, kila mita ya mraba ya uso wa ufa itatoa mililita 3 kwa makadirio ya juu. Kijiko cha chai kinazidi hapo.

Linganisha na mwamba wako uliooza. Kwa Sy (sehemu ya ujazo wa mwamba inayochuruzika maji) ya 0.02, usawa ukishuka mita moja unapata lita 20 kwa kila mita ya mraba. Maji yako yamesimama mita 14, mwamba uliooza unafika 34, kwa hiyo kuna mita 20 zilizojaa juu ya nyufa, lita 400 kwa mita ya mraba. Ghala liko JUU ya nyufa, haliko katikati yake. Ndiyo maana S yako imetoka 0.001 na si 0.0002 kama ingekuwa nyufa peke yake: mwamba uliooza ulishaanza kuchuruzika.

Tatizo ni kwamba kwenye grafu ya mteremko (inayoonyesha mshuko unavyoongezeka kwa kasi gani) vitu hivi viwili vinafanana: vyote vinachora bonde, yaani mstari unazama kisha unapanda. Bonde la porositi mbili na bonde la kuchuruzika kutoka juu huwezi kuvitofautisha kwa kisima kimoja, na programu ya kulinganisha mikunjo itakubali vyote viwili kwa furaha. Anayeamua ni jiolojia. Kwenye graniti ya Dodoma, kura yangu iko kwenye tabaka la juu.

Kwa hiyo gawa modeli kwa kina. Mwamba uliooza uupe matabaka mawili au matatu, usiwe moja, maana ukiwa moja kiwango cha juu na cha chini kinachanganywa na maji yanashuka haraka kuliko yanavyoshuka kweli. Anza na K ya 0.05 m kwa siku na Sy 0.02. Tabaka la chini kabisa la mwamba uliooza lina mfinyanzi mara nyingi. K33 yake (K ya wima) ndiyo namba utakayoisumbua zaidi, jaribu kuanzia 0.001 hadi 0.05. Kisha nyufa 34 hadi 58, K 0.275, Ss 10⁻⁵. Chini ya hapo K 0.001, na ule ufa wa mita 71 uupe tabaka lake jembamba kama mchimbaji aliona maji yakiongezeka hapo. Kama hakuona, uache. ICELLTYPE iwe 1 kote (seli ziruhusiwe kupungua maji), kwa sababu karibu na kisima maji yanashuka chini ya mita 34.

Mtu akisisitiza porositi mbili ndani ya MODFLOW 6, ajue pakeji ya IST ni ya kusafirisha kemikali, si ya mtiririko. Kwa mtiririko itabidi aunde modeli mbili za GWF (za mtiririko) juu ya gridi moja na kuziunganisha seli kwa seli. Inawezekana. Kwa kisima hiki ni kazi ya bure.

---

Mwamba_Kati

Asante sana Kinamaji na dada Bi_Graniti. Nimeweka MAW, mshuko wa kisima umefika 25.6 bila kubadilisha K. Vipi kuhusu kuchora ufa mmoja mmoja? Mteja ana hofu ya vyoo vya kijiji vilivyoko mita 300 juu ya mteremko, na nimesikia modeli ya kawaida haifai kwa uchafuzi.

---

Bi_Graniti

Kuchora ufa mmoja mmoja kunadai data ambayo huna: mwelekeo na mwinamo wa kila ufa kutoka kwenye picha za kuta za visima, urefu wa nyufa kutoka kwenye miamba iliyo wazi, na vipimo vya kupitisha maji kipande kwa kipande kwa kutumia paka (packer, kifaa cha kuziba sehemu ya kisima). Forsmark huko Sweden na Onkalo huko Finland walifanya hivyo kwa sababu ni maeneo ya kuzika taka za nyuklia. Rekodi ya mchimbaji inayosema "fractured" mita 34 hadi 58 haikupi hata mwelekeo mmoja.

Pia uone jinsi upana wa ufa ulivyo mjanja. Kwa maji ya nyuzi 20, ufa laini wa milimita 0.1 una T ya 0.07 m² kwa siku. Wa milimita 1 una T ya kama 70. Upana mara kumi, T mara elfu moja, kwa sababu upana unaingia ukiwa umepandishwa kwa tatu. T yako nzima ya 6.6 ni sawa na ufa mmoja wa milimita 0.45. Ukikosea upana kwa robo, umekosea mtiririko karibu mara mbili. Hakuna anayejua upana wa ufa ulioko mita 38 chini kwa usahihi huo. Tunaukisia kutoka kwenye T, halafu wengine wanaurudisha kwenye modeli kana kwamba waliupima.

Hofu ya vyoo, hata hivyo, ni ya kweli, na dawa yake ni porositi sahihi ndani ya modeli uliyonayo. Kiasi cha maji kinatawaliwa na K. Kasi ya uchafu inatawaliwa na K ugawanye kwa porositi inayopitisha. Mteremko wa 0.005 na K 0.275: ukiweka porositi ya 0.2 kwa mazoea ya mchanga, uchafu unatembea mita 2.5 kwa mwaka na vyoo vinaonekana viko mbali kabisa. Ukiweka 0.001, ambayo ni ya nyufa, unatembea mita 500 kwa mwaka, na mita 300 zinaisha kwa miezi saba. Pampu ikiwaka mteremko unaongezeka na muda unapungua zaidi. Mpe mteja namba mbili, ya 0.001 na ya 0.01, umwambie ukweli uko humo katikati. Na muulize mchimbaji kama aliziba nje ya kesingi kwa saruji mita za juu. Kama hakuziba, uchafu hauhitaji nyufa, utashuka kando ya bomba.

---

Mvuke_Naivasha

Naingilia kidogo kutoka upande wa jotoardhi, ili mtu asiondoke hapa akidhani porositi mbili ni ya vitabuni tu. Huku Olkaria, Kenya, huwezi kuikwepa, na sababu ni joto.

Maji baridi yakirudishwa ardhini yanapita kwenye nyufa, na mwamba katikati ya nyufa ndio wenye joto la kuyapasha. Joto linaenea ndani ya mwamba kwa takriban 10⁻⁶ m² kwa sekunde, kwa bahati ni namba ileile ya dada pale juu. Kama nyufa ziko mita 4 moja hadi nyingine, joto la katikati, mita 2, linafika kwa siku 46. Modeli ya kawaida isiyotofautisha ufa na mwamba inatosha. Kama ziko mita 50 mbali, nusu yake ni 25, na muda unakuwa miaka 20. Hapo modeli ya kawaida itakuambia maji yanapata moto vizuri, wakati kisima cha uzalishaji kinapoa kabla ya wakati wake. Ndiyo maana programu ya TOUGH2 ina njia ya MINC ya Pruess na Narasimhan, ambayo inakata kila bonge la mwamba katika maganda kadhaa kuelekea ndani. Maganda manne au matano yanatosha, membamba karibu na ufa na manene ndani. Ukiweka ganda moja tu unarudi kwa Warren na Root, ambao hawaoni miaka ya mwanzo.

Umbali wa nyufa hatuupati kwa jaribio la shinikizo. Tunaupata kwa kulinganisha rangi ya kufuatilia njia ya maji na kupoa kwa kisima. Rangi ikija upesi inasema njia ni fupi. Haisemi mwamba ulioguswa ni mkubwa kiasi gani. Na kama kisima kina zaidi ya nyuzi 250, fluoresini (mojawapo ya rangi hizo) inaharibika njiani, utadhani hakuna muunganiko.

---

Kinamaji

Umeeleza vizuri kaka. Narudi kwa Mwamba_Kati kwa mambo mawili yaliyobaki.

La kwanza ni mvua. Usiweke asilimia ya wastani wa mvua ya mwaka kwenye RCH (pakeji ya maji ya mvua yanayoingia ardhini). Rekodi ya viwango vya maji ya Makutupora ya miaka 55, iliyochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2013, inaonyesha akwifa (mwamba wenye maji) hailishwi kila mwaka. Inalishwa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, na kujaa kukubwa kuliko kote kulikuja na El Niño ya 1997 na 1998. Sehemu kubwa inaingia kupitia vitanda vya mchanga vya mito ya msimu kama Kinyasungwe Mdogo, si kupitia shamba zima. Kwa hiyo kwenye modeli miezi mingi iwe sifuri kabisa, na maji yaingie kwa SFR (pakeji ya mito) kwenye mkondo wakati wa mafuriko.

Ukubwa wake ukadirie kwa kupanda kwa usawa: ukipanda mita 1.5 na Sy ni 0.02, hiyo ni milimita 30. Kisima chako kikifanya kazi saa 12 kwa siku kinachukua mita za ujazo 26,280 kwa mwaka, maana yake unahitaji hekta 88 zinazopokea milimita 30 kila mwaka. Halafu endesha modeli miaka sita mfululizo bila mvua kubwa, uone lita zile 400 kwa mita ya mraba zinakupeleka wapi. Usitegemee kulinganisha viwango vilivyotulia peke yake: ukizidisha mvua na K mara mbili kwa pamoja, viwango vinabaki vilevile. PEST++ (programu ya kurekebisha namba za modeli) itakupa jibu zuri la namba mbaya.

La pili ni ule mstari ulioinama dakika ya 800. Mteremko ukiongezeka mara mbili kamili, kitabu kinasema kuna ukuta usiopitisha maji, labda ukingo wa eneo la nyufa. Lakini angalia kina: dakika ya 600 mshuko ulikuwa mita 24, yaani maji yako mita 38. Ndipo maji yalipopigwa. Ufa mkuu ukiachwa hewani, mstari unainama vilevile, na maana yake ni tofauti kabisa. Ukuta unabaki hata upampu taratibu. Ufa uliokauka unaepukika.

Rudia jaribio kwa mita za ujazo 4 kwa saa, saa 24, baada ya maji kurudi karibu kabisa mahali pake. Muda wa kufikia ukuta hautegemei kasi ya pampu, kwa hiyo kama ni ukuta mstari utainama tena dakika zilezile. Kama ni ufa, kwa mita 4 maji yataishia karibu mita 31 na mstari utanyooka hadi mwisho. Ikiwa ni ufa, kisima hiki kipewe mita 4 kwa saa, 4.5 ikizidi sana, na vifaa vya kukata umeme viwekwe mita 36 ili maji yasifike ufa. Ikiwa ni ukuta, weka mpaka usiopitisha maji kwenye modeli na utafute kisima cha pili upande mwingine wake.

Kifaa cha kurekodi kisome kila sekunde dakika kumi za kwanza, kisha kila dakika. Pima mtiririko kwa pipa na saa kila nusu saa, maana pampu ya dizeli ikilegea asilimia tano tu, mstari unabadilika na utatafuta jiolojia mahali ambapo tatizo ni mafuta. Na rekodi maji yakirudi kwa angalau saa 24, si 12. Kisima cha uangalizi usikichambue kwa mstari wa Jacob, kwa mita 62 u yako (namba ya Theis, inayopaswa kuwa ndogo sana ndipo mstari wa Jacob ufae) bado iko 0.15 mwisho wa jaribio, tumia mkunjo wa Theis.

---

Mwamba_Kati

Nimeelewa. Vali ya kupunguza mtiririko ipo, tunafunga hadi mita 4 na kurudia. Swali dogo: maji yanayotoka yamwagwe umbali gani?

---

Kinamaji

Mita 200 chini ya mteremko, kwa bomba, si kwa mfereji wa udongo. Mwamba uliooza wako hauna kifuniko cha maana, maji yatarudi ndani na utaona kulegea kwingine.